Je, Wajua? Karatasi za Wanafunzi Zilizogusa Sayansi na Jamii

Chama cha wanafunzi huishi maisha mafupi. Anayekiasisi leo atahitimu baada ya miaka mitatu au minne, atapata kazi mkoa mwingine, na ufunguo wa ofisi utabaki mikononi mwa watu wasiomjua. Fedha ni haba, mashine ni ya kuazima, na mhariri ana mtihani wiki ijayo. Ungedhani maandishi yanayotoka katika mazingira hayo hayafiki mbali.

Historia inaonyesha kinyume chake. Kwa karibu miaka 300 wanafunzi wamekuwa wakijikusanya, wakiandika juu ya sayansi na namna inavyogusa maisha ya watu, kisha wakiyatoa maandishi yao wenyewe. Baadhi ya waliyoyaandika yameingia katika vitabu vya hisabati, mengine katika hoja za sheria, mengine katika mijadala ya uchumi ambayo haijaisha mpaka leo. Tumekuchagulia machache.

Je, wajua kwamba alama ya dy/dx ilipiganiwa na wanafunzi?

Kila anayesoma kalkulasi huiandika alama hii bila kuifikiria. Mwaka 1812 mwanafunzi wa Cambridge, Uingereza, hakufundishwa kuiandika. Waingereza walishikilia alama za Isaac Newton, yaani nukta ndogo juu ya herufi, wakati wenzao wa Ulaya bara walikwisha kuhamia kwenye alama za Mjerumani Gottfried Leibniz na kufika nazo mbali sana. Sababu mojawapo ilikuwa fahari ya taifa. Newton alikuwa wao, na ugomvi wa nani aliyegundua kalkulasi kwanza, yeye au Leibniz, ulikuwa haujasahaulika.

Vijana watatu wenye umri wa miaka ishirini na kitu, Charles Babbage, John Herschel na George Peacock, wakaungana na wenzao kuunda Analytical Society. Mwaka 1813 chama kilichapa kitabu cha makala zake. Mwaka 1816 watatu hao wakatoa tafsiri ya kitabu cha kalkulasi cha Mfaransa Lacroix, maana walijua kwamba huwezi kumwambia mwanafunzi aache njia ya zamani kama hujampa kitabu cha kusomea njia mpya. Wakati huo chama chenyewe kilikuwa kimekwisha kufifia. Lakini mwaka 1817 Peacock akawa mtahini, akaziweka alama za Leibniz ndani ya mtihani wa chuo. Mtihani ukibadilika, ufundishaji hauna budi kufuata.

Babbage ndiye aliyekuja kubuni mashine za kukokotoa zinazotajwa kila historia ya kompyuta inaposimuliwa. Herschel akawa mwanaastronomia, akakaa Rasi ya Tumaini Jema kuanzia 1834 hadi 1838 akichunguza nyota za anga la kusini. Alama walizozitetea zilikuja kufika shule za Afrika Mashariki pamoja na mitaala ya Uingereza.

Je, wajua kwamba kazi ya kwanza ya kisayansi ya Charles Darwin ilisomwa mbele ya wanafunzi wenzake?

Mji wa Edinburgh, Uskoti, una mizizi mirefu ya jambo hili. Mwaka 1734 wanafunzi wachache wa udaktari, baada ya kupasua maiti pamoja ili wajifunze, walikubaliana kuendelea kukutana. Chama chao, Royal Medical Society, kilipata hati ya mfalme mwaka 1778 na kipo hadi leo. Desturi yake ilikuwa kila mwanachama aandike makala, aisome mbele ya wenzake na kuitetea. Makala hizo ziliandikwa kwa mkono na kujalidiwa, ndiyo maana wanahistoria wanaweza kuzisoma sasa.

Mjini humohumo, mwaka 1823, kilianzishwa Plinian Society, chama cha wanafunzi waliopenda elimu ya viumbe. Darwin alijiunga nacho mwaka 1826. Tarehe 27 Machi 1827, akiwa na umri wa miaka 18, alieleza mambo mawili aliyoyaona kwa hadubini: kwamba viluwiluwi vya kiumbe kidogo cha baharini kiitwacho Flustra vinaweza kuogelea, na kwamba vidoa vyeusi vilivyodhaniwa kuwa mwani ndani ya maganda ya chaza ni mayai ya ruba wa baharini. Siku tatu kabla, mlezi wake wa kisayansi, Robert Grant, alikuwa amekwisha kusema habari za mayai hayo katika chama cha wakubwa. Kumbukumbu za kikao cha wanafunzi ndizo zinazoonyesha wazi kijana aligundua nini.

Jioni hiyohiyo mwanafunzi mwingine, William Browne, alitoa hoja kwamba akili na fahamu vinatokana na ubongo. Mjadala ukawa mkali kiasi kwamba maneno yake yalikatwa kwa wino katika daftari la kikao. Waliokata hawakufanikiwa kuyafuta, kwani bado yanasomeka. Browne alikuja kuwa daktari aliyepigania wagonjwa wa akili watendewe utu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hoja nazo ni mali.

Je, wajua kwamba wanafunzi watatu walichapa tafsiri ya Kiingereza ya Jiwe la Rosetta?

Jiwe hilo la Misri lina maandishi ya aina tatu, na ndilo lililomsaidia Mfaransa Champollion kufumbua maandishi ya picha ya Misri ya kale mwaka 1822. Chama cha wanafunzi cha Philomathean, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kilipata nakala ya jiwe iliyofinyangwa kwa plasta. Kikaunda kamati ya wanachama watatu: Charles Hale, Huntington Jones na Henry Morton.

Ripoti yao ilitoka mwaka 1858 ikiwa na tafsiri ya maandishi yote matatu. Huhesabiwa kuwa tafsiri kamili ya kwanza ya jiwe hilo kwa Kiingereza. Morton aliichora ukurasa kwa ukurasa, maandishi na mapambo kwa pamoja, kisha ikachapwa kwa rangi. Nakala 400 za kwanza ziliisha mara moja, ikabidi kitabu kichapwe tena. Baadaye Morton alikuwa mkuu wa kwanza wa chuo cha teknolojia cha Stevens, New Jersey.

Je, wajua kwamba hoja ya haki ya faragha ilipata nguvu kupitia jarida linaloendeshwa na wanafunzi?

Kamera ya Kodak iliingia sokoni mwaka 1888. Kabla yake, kupigwa picha kwa kawaida kulihitaji utulie mbele ya mpiga picha, tena kwa ridhaa yako. Baada yake, mtu yeyote aliweza kukunasa barabarani, na sura yako ikaweza kuishia gazetini. Mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliona kwamba chombo kipya kimezaa dhuluma ambayo sheria haikuifahamu. Tarehe 15 Desemba 1890 walitoa makala wakidai kwamba mtu ana haki ya kuachwa na mambo yake binafsi, na wakazitaja waziwazi picha za papo hapo na magazeti.

Makala hiyo ilitoka katika Harvard Law Review, jarida lililoanzishwa mwaka 1887 na wanafunzi wa sheria. Jarida lilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Katika vyuo vingi vya sheria vya Marekani desturi hiyo imeendelea: mwanafunzi ndiye mhariri, naye profesa huleta makala yake na kusubiri wanafunzi waamue kama inafaa.

Leo haki ya faragha imo katika Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania na Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Swali ni lilelile la 1890, isipokuwa kamera sasa iko mfukoni mwa kila mtu.

Jarida hilo lina uhusiano mwingine na kwetu. Mwaka 1990 lilimchagua kwa mara ya kwanza mwanafunzi mweusi kuwa rais wake. Alikuwa Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo, Kenya.

Je, wajua kwamba wanafunzi wa Budapest walikipa chama chao jina la Galileo?

Mwaka 1908 huko Hungaria, profesa wa sheria Gyula Pikler alikuwa akishambuliwa kwa mafundisho yake na wanafunzi wa mrengo wa kulia. Wanafunzi wengine walisimama kumtetea, na katika kumtetea wakaunda Galilei Kör, yaani Duara la Galileo. Rais wake wa kwanza alikuwa Karl Polanyi, mwanafunzi wa sheria.

Jina lilieleza msimamo: sayansi isitishwe na mamlaka. Kazi yao ilieleza zaidi. Walialika wataalamu wa nchi mbalimbali kutoa mihadhara, wakasoma falsafa ya sayansi ya Ernst Mach, na jioni wakaenda kuwafundisha wafanyakazi waliokosa shule. Polanyi alihariri jarida lililobeba mawazo yao, Szabadgondolat. Waliona kwamba elimu inayobaki ndani ya kuta za chuo haijamaliza safari yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoendelea, baadhi yao walisambaza vipeperushi vya kupinga vita. Januari 1918 polisi walilifunga Duara. Miongoni mwa waliokamatwa ni Ilona Duczyńska, kijana aliyekuwa amesoma Zürich. Baadaye aliolewa na Polanyi. Mwaka 1944 Polanyi alitoa kitabu The Great Transformation, kinachohoji kuacha soko litawale jamii nzima. Vyuo vya dunia bado vinakisoma, nacho kina mizizi katika maswali aliyoanza kuyauliza akiwa mhariri kijana.

Je, wajua kwamba wanafunzi wa udaktari walimkabili Hitler kwa mashine ya kurudufu?

Kundi la Weiße Rose, yaani Waridi Jeupe, lilikuwa la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Munich. Hans Scholl, Alexander Schmorell, Willi Graf na Christoph Probst walisomea udaktari. Sophie Scholl, dada yake Hans, alisomea biolojia na falsafa. Kuanzia Juni 1942 walirudufu vipeperushi na kuvituma kwa posta mji baada ya mji. Cha pili kiliwaambia Wajerumani waziwazi kwamba Wayahudi 300,000 wameuawa Poland.

Hans na Sophie walikamatwa chuoni tarehe 18 Februari 1943, wakauawa siku nne baadaye pamoja na Probst. Wengine walifuata. Kipeperushi chao cha sita kilitoroshwa hadi Uingereza, na mwaka huohuo ndege za Washirika zikakimwaga juu ya Ujerumani kwa maelfu. Watawala waliwaua waandishi, na maandishi yakarudi kutoka angani.

Je, wajua kwamba swali lililochapwa katika jarida la wanafunzi lilisubiri jibu miaka 44?

Chama cha wanafunzi wa hisabati cha Cambridge, The Archimedeans, kilianzisha jarida la Eureka mwaka 1939. Mwaka 1944 Freeman Dyson, kijana wa miaka 20 aliyetoka kusoma Chuo cha Trinity cha Cambridge na sasa akifanya hesabu za vita katika kikosi cha ndege za mabomu, aliliandikia makala fupi juu ya namna namba inavyogawanyika kuwa jumla ya namba ndogo.

Chukua kalamu ujaribu mwenyewe. Namba 4 inaweza kuandikwa kwa njia tano: 4, 3+1, 2+2, 2+1+1, 1+1+1+1. Ramanujan, mwanahisabati wa India, alikuwa ameonyesha kwamba idadi ya njia za 4, 9, 14 na kuendelea hivyo hugawanyika kwa 5 kila mara: njia 5, njia 30, njia 135. Alionyesha mifumo kama hiyo kwa 7 na kwa 11 pia. Dyson alitaka kuona kwa nini. Akapendekeza hivi: katika kila njia, chukua namba kubwa kuliko zote, toa idadi ya namba zilizomo. Kwa 4 utapata 3, 1, 0, −1 na −3. Gawanya kila moja kwa 5 uangalie masalio: 3, 1, 0, 4, 2. Kila salio limetokea mara moja, hakuna lililozidi wala kupungua. Njia zote zimejigawa zenyewe katika makundi matano yaliyo sawa.

Atkin na Swinnerton-Dyer walithibitisha mwaka 1954 kwamba kanuni hiyo ni ya kweli kwa 5 na kwa 7. Kwa 11 haikufanya kazi, na Dyson alikuwa amesema mapema kwamba lazima iko kanuni nyingine ambayo yeye haijui. Akaipa jina kabla haijapatikana. George Andrews na Frank Garvan waliitangaza mwaka 1988. Jarida la wakubwa lisingekubali kirahisi makala ya kukisia kitu ambacho mwandishi hajakiona. Jarida la wanafunzi lilikubali, na wanahisabati wawili wakajua cha kutafuta.

Eureka pia lilichapa kazi za Blanche Descartes, mwanahisabati ambaye hakuwahi kuzaliwa. Lilikuwa jina la pamoja la wanafunzi wanne wa Trinity, mmoja wao Bill Tutte, aliyekuja kufumbua siri ya mashine ya Kijerumani ya maandishi ya fumbo wakati wa vita.

Je, wajua kwamba Erasto Mpemba alisubiri miaka sita ili swali lake lichapwe?

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu, Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi zilikuwa zikijaa, Mpemba akaogopa kukosa, akaweka maziwa yake yakiwa ya moto. Yake yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa.

Alipouliza shuleni aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, mwalimu alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia, na wenzake wakaifanya kauli hiyo kuwa ya kumchekea. Ndipo Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipokuja shuleni kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akauliza mbele ya watu wote. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanywe. Makala yao wawili ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, na jina la Mpemba likiwa la kwanza. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori, Mweka.

Wanafizikia hawajamaliza ubishi. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya na kutilia shaka kama maji kweli hufanya hivyo. Mwaka 2020 wengine wakaonyesha katika jarida la Nature hali ya aina hiyohiyo kwa chembe ndogo sana ndani ya maji. Tunachopaswa kukitazama sisi ni ile miaka sita. Swali zuri liliokolewa na ugeni wa mtu mmoja mwenye subira. Kama shule ingekuwa na jarida la wanafunzi la sayansi, hata la kurasa nne, swali hilo lingeandikwa mwaka uleule likiwa na tarehe na vipimo.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo wa 1969 wanafunzi wa Dar es Salaam walianzisha jarida lililopigwa marufuku baada ya mwaka mmoja?

Chama chao kiliitwa University Students African Revolutionary Front, kilichoundwa mwaka 1967. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda. Wanachama walitoka nchi mbalimbali za Afrika. Jumapili walifanya madarasa yao wenyewe ya kusoma na kujadili siasa na uchumi, kwa sababu waliona masomo ya darasani hayajibu maswali ya nchi iliyotoka kutangaza Azimio la Arusha.

Novemba 1969 walitoa toleo la kwanza la Cheche. Wahariri walikuwa wanafunzi: Karim Hirji, aliyekuwa akisomea hisabati na ualimu, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Walipiga stensili, wakazungusha mashine ya kurudufu, wakapanga kurasa na kuzibana kwa mikono yao. Hawakuchukua fedha za mfadhili wala matangazo ya biashara. Mwanahistoria Walter Rodney, mwalimu wao, aliandika ndani yake.

Toleo lililotikisa lilitoka mwaka 1970, toleo maalumu lenye kazi moja tu ndefu: uchambuzi wa Issa Shivji wa matabaka katika Tanzania. Kijana huyo aliuliza nani hasa anashika uchumi baada ya mabenki na viwanda kutaifishwa, na kama watendaji wa serikali hawageuki kuwa tabaka jipya. Aliuliza kwa takwimu na hoja, katika nchi ambayo watu wake wengi walidhani swali hilo limekwisha kujibiwa.

Novemba 1970 serikali iliamuru chama kivunjwe na jarida likome. Sababu mojawapo iliyotolewa ni jina, kwamba linafuata gazeti la Lenin la Urusi na hivyo linatoa picha kuwa Tanzania inajenga ujamaa wa kuagiza kutoka nje. Wanafunzi hawakukaa kimya. Mapema mwaka 1971 tawi la Umoja wa Vijana wa TANU chuoni lilianza kutoa jarida jingine, MajiMaji, kwa jina la vita vya 1905 hadi 1907, na mijadala ikaendelea.

Tazama walikofika. Kazi ya Shivji ilichapwa kuwa kitabu mwaka 1973, naye akawa mmoja wa wanasheria wanaosomwa sana barani. Zakia Meghji alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania. Hirji akawa profesa wa takwimu za tiba, akaandika kitabu cha kitaalamu juu ya uchambuzi wa takwimu, na mwaka 2010 akahariri kitabu cha kumbukumbu za Cheche kilichotolewa na Mkuki na Nyota. Mtu aliyejifunza kudai ushahidi katika siasa aliendelea kuudai katika tiba.

Je, wajua kwamba wanafunzi wa fizikia waliwahi kuitisha siku ya kusimamisha utafiti?

Ilikuwa 4 Machi 1969, katika chuo cha MIT, Marekani. Wanafunzi wa uzamili waliona maabara zao zinatumikia vita vya Vietnam, wakaomba siku moja ya kuacha vipimo na kujadili sayansi inamtumikia nani. Walimu wao wengi waliunga mkono. Katika vuguvugu hilo lilizaliwa shirika la Union of Concerned Scientists, ambalo bado linachapa taarifa juu ya silaha za nyuklia, nishati na tabianchi.

Miaka kumi baadaye, 1979, wanafunzi wa San Diego walianzisha Student Pugwash, tawi la vijana la mawazo ya mikutano ya Pugwash iliyowakutanisha wanasayansi wa Mashariki na Magharibi tangu 1957. Mwaka 1995 Joseph Rotblat, mwanafizikia aliyejitoa katika mradi wa bomu la atomiki, alipopata Nishani ya Amani ya Nobel, vijana hao walianza kampeni ya kiapo: mhitimu wa sayansi aahidi kufikiria athari za kazi yake kabla ya kuchukua hatua.

Je, wajua kwamba baadhi ya majarida haya yamevuka karne?

Yale Scientific Magazine, la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, lilianza mwaka 1894. Journal of Young Investigators, lililoanzishwa na wanafunzi wa Marekani mwaka 1997, huchapa utafiti wa wanaosoma shahada ya kwanza. BlueSci la Cambridge lilitoka mara ya kwanza mwaka 2004. The Triple Helix, shirika la wanafunzi lililoanzia Cornell mwanzoni mwa karne hii, lina matawi katika vyuo mbalimbali, na kila tawi hutoa jarida lake juu ya sayansi ndani ya jamii. Dar es Salaam nako wanafunzi wa udaktari wamewahi kuwa na jarida lao la kitaaluma, Dar es Salaam Medical Students' Journal.

Yaliyodumu yana tabia zinazofanana. Mhariri wa mwaka huu humfundisha wa mwakani kabla hajahitimu. Kila makala hupita kwa mtu anayelijua somo. Kila toleo hupewa namba na tarehe, na nakala huwekwa maktaba.

Na je, wajua kazi iliyobaki?

Cheche, kwa ujasiri wake wote, iliandikwa zaidi kwa Kiingereza. Mpaka sasa mwanafunzi wetu anayeandika juu ya sayansi huandika kwanza kwa ajili ya mwalimu wake na jopo la watahini. Mama anayehifadhi mahindi Dodoma angependa kujua sumukuvu inaingiaje ghalani. Mzazi wa Arusha au Kilimanjaro angependa kujua kwa nini floraidi iliyomo kwenye maji inayatia meno ya mtoto madoa ya kahawia. Anayenunua antibiotiki bila cheti cha daktari anahitaji kuambiwa vidudu hujifunzaje kuzishinda. Watu hao ndio ile jamii inayotajwa kila tunaposema sayansi na jamii, na lugha yao ni Kiswahili.

Maneno ya kuandikia yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Mashine si tatizo tena kama ilivyokuwa kwa kina Hirji. Kurasa nane huchapwa kwa bei ambayo wanafunzi ishirini wanaweza kuichangia. Maswali hayajawahi kukosekana. Kinachotakiwa ni kundi dogo, mahali popote kuanzia Muhimbili na Maseno hadi Lubumbashi, litakalokubaliana juu ya jina, mhariri na tarehe ya toleo la kwanza, kisha litimize tarehe hiyo. Kama wewe ni mwanafunzi na umefika mpaka hapa, watafute wenzako wiki hii.